Ndege itaondoka na nini?

Mama yangu ana miembe kumi na minne kule Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na tisa kati yake ni ngowe. Asubuhi moja msimu uliopita, vijana watatu wenye vizibao vya kung'aa waliingia shambani na mashine ya miguu mitatu. Wakapima, wakapigilia kigingi chenye rangi nyekundu baina ya mwembe wa tatu na wa nne, wakaondoka. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Walimpa salamu tu, hawakumweleza kitu. Jioni akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekaa na mandege miaka yote. Njoo uniambie hawa wanataka nini."

Habari yenyewe nilishaisikia sokoni na msikitini kabla sijafika Ganda. Uwanja wa ndege utapanuliwa, na safari hii haukutajwa kwa ajili ya watalii peke yao: utakuwa kituo kikuu cha mizigo ya ndege. Ndege kubwa zitatua usiku na mchana, samaki wetu watafika Dubai wangali na barafu, maembe yatafika Ulaya, vijana wataandikwa kazi kwa maelfu. Kuurefusha ule uwanja ni maneno ya zamani. Njia yake ya kurukia ina kilomita 1.4 hivi, na mpango wa kuifikisha kilomita 2.5 tumeusikia miaka na miaka, pamoja na ahadi za fidia kwa wenye ardhi. Jipya lilikuwa hilo neno mizigo. Na hilo nalijua vizuri, kwa sababu limenilisha miaka kumi na tisa.

Nilianza uwanja wa ndege wa Eldoret mwaka 2001, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Uwanja ule ulifunguliwa 1997, na njia yake ya kurukia ina kilomita 3.5, ndege kubwa za mizigo zinatua pale bila shida. Nilifika na koti la kuazima, baridi ya usiku ikanitoa machozi. Nikapata kibarua katika kampuni moja ya kupakua mizigo, baadaye nikawa karani wa shedi: kuhesabu paleti, kulinganisha namba na karatasi, kutia sahihi.

Usiku wa ndege ulikuwa na shughuli kwelikweli. Ndege inatua, mlango wa ubavuni unafunguliwa, paleti zinateremka moja moja: vitambaa, simu, vipuri, viatu, mali ya kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali. Foklifti mbili, vibarua kama thelathini, maafisa wa forodha, mawakala wanakimbizana na karatasi. Kufika alfajiri malori yameshajaa na yameshika njia ya Nairobi, kilomita mia tatu na zaidi, kwa kuwa wenye mali walikuwa Nairobi na wateja wao walikuwa huko huko. Na ile ndege? Inatiwa mafuta, inafungwa mlango, inaondoka tupu.

Wiki za mwanzo nilimwuliza msimamizi wangu, mzee wa makamo aliyekuwa na subira na mimi, mbona haipakii kitu. Akanyoosha mkono kuelekea mashamba ya mahindi na ngano ya nje ya uzio. "Kijana," akaniambia, "gunia la mahindi halipandi ndege."

Ilinichukua muda kuielewa hesabu iliyomo ndani ya maneno yale. Mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo, na nauli ya kilo moja angani inazidi kwa mbali bei ya kilo moja ya mahindi shambani. Uasin Gishu, eneo la Eldoret, ina utajiri wa magunia, na ndege inatafuta kitu chepesi chenye thamani kubwa kinachoharibika kikichelewa. Sasa ndege ikija imejaa na ikarudi tupu, yule mwenye mzigo wa kuja ndiye anayebeba gharama ya safari zote mbili. Akipata mahali penye nafuu kidogo tu, anahama, na hana shamba wala kiwanda pale cha kumfunga miguu. Tuliyaona hayo. Kuna miezi ndege zilikuja tatu, nne kwa wiki, na kuna miezi zilikatika. Kampuni haikututangazia kitu. Kibarua anafika getini saa kumi na mbili jioni, anaambiwa leo hakuna ndege, rudi kesho. Kesho hivyo hivyo. Nilikuwa na rafiki, mtu wa Turbo, aliyekopa pesa za kuezeka nyumba akitegemea zile zamu za usiku. Mabati aliyauza kabla hayajapanda juu ya paa. Ni huyo niliyemkumbuka nilipokiona kile kigingi chekundu kwa mama.

Mwaka 2006 nikahamia Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta, kwenye shedi la mboga na maua. Huko ndiko nilikojifunza mizigo ya kwenda nje inavyotakiwa iwe. Malori ya baridi kutoka Naivasha yanaingia jioni. Masanduku yanashushwa na kupozwa, mkaguzi wa Kephis, shirika la serikali la afya ya mimea, anafungua moja anatafuta mdudu, forodha wanamaliza karatasi, na kufika usiku wa manane maua yamo angani kuelekea Uholanzi. Siku za kuelekea tarehe 14 Februari tulikuwa hatulali.

Watu wanaopenda kuitaja Nairobi kama mfano huruka jambo moja. Waridi halikuota kwa sababu ya uwanja. Naivasha palikuwa na ziwa, mwinuko na ubaridi unaolifaa ua, wenye mitaji waliochimba mabwawa na kujenga vyumba baridi shambani, na wanunuzi wa ng'ambo waliokwisha kuweka oda. Juu ya hayo, Nairobi palikuwa na ndege za abiria zilizoleta watalii na kurudi Ulaya kila usiku, na matumbo ya ndege hizo yalikuwa na nafasi. Karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani ilikuwa ikisafiri hivyo, chini ya viti vya abiria. Mwaka 2020 korona iliposimamisha abiria mimi nilikuwa shedini. Nafasi ilikosekana, nauli ya kilo ikapaa, na huko mashambani maua yakamwagwa kwa malori. Nikapunguzwa kazi mwaka huo huo pamoja na wengine wengi. Njia ya kurukia ilikuwa pale pale, haikupungua hata hatua moja.

Nikarudi Malindi na akiba kidogo, na nikiamini kwamba naijua kazi. Mimi na binamu yangu wa Ngomeni tukaamua kuuza kaa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kaa ndio walionifundisha zaidi kuliko Eldoret na Nairobi. Ngomeni iko kaskazini mwa Malindi, kijiji cha wavuvi kwenye ulimi wa mchanga, na nyuma yake kuna mikoko. Mbele yake baharini yamesimama yale majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano walirushia roketi kuanzia miaka ya sitini. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilipaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, na mrusho wa mwisho ulikuwa 1988. Binamu yangu amezaliwa baada ya hapo. Yeye majukwaa yale anayajua kama alama ya kumwonyesha njia ya kurudi nyumbani na samaki. Na nyumbani kwao maji ya kunywa yalikuwa bado yanaletwa kwa punda nilipokwenda kukaa naye. Sina ugomvi na roketi, ila nilipokuwa nikisikiliza habari za kituo cha mizigo nilikuwa nayaona yale majukwaa.

Kama kuna kitu cha kwetu kinachostahili ndege, ni kaa hai wa mikokoni. China wanamtaka akiwa mzima, na wanamlipia vizuri. Wavuvi wanaingia mikokoni maji yakitoka, wanamvuta shimoni kwa chuma chenye ncha iliyopinda, wanamfunga magando kwa kamba, anatiwa kwenye sanduku lenye matundu na gunia bichi. Mnunuzi wetu alikuwa Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa na nafasi kwenye ndege. Sisi kazi yetu ilikuwa kumfikishia kaa wakiwa wanatembea.

Mzigo wa kwanza ulikuwa masanduku kumi. Tulipoyafungua Nairobi, matatu yalikuwa yananuka. Kaa aliyekufa hana bei hata ya shilingi moja, na mnunuzi hakuwa na la kujadiliana nasi. Binamu yangu alikaa kwenye ukingo wa barabara pale mtaani, akashika kichwa. Zile hela nusu yake zilikuwa za mkewe.

Nilikaa usiku ule nikaifuata njia ya kaa wale, saa kwa saa, kama nilivyozoea kufuata karatasi za shedini. Saa mbili mikokoni kwenye mtumbwi bila kivuli. Saa moja na nusu juu ya pikipiki kwenye barabara ya mchanga mpaka lami. Saa nne mjini, juani, tukisubiri mtu mmoja mwenye haki ya kutia sahihi hati ya afya, ambaye alikuwa ametoka na hakuna aliyejua ametoka kwenda wapi. Kisha tukasubiri basi, kisha usiku mzima njiani kupitia Mombasa. Katika saa zote hizo hakukuwa na chumba baridi hata kimoja cha kumweka kiumbe yule apumzike. Nikajumlisha, nikarudia kujumlisha. Hakuna kaa hata mmoja aliyekufa kwa sababu Malindi haina njia ndefu ya kurukia ndege.

Tukarekebisha tulichoweza. Tukajenga kibanda cha makuti kando ya mkondo, kaa wakawa wanalazwa kwenye matenga majini mpaka usiku; hati tukaanza kuzitafuta siku moja kabla; safari ikawa ya usiku tupu. Vifo vikapungua sana. Hapo tukagonga ukuta wa pili. Mnunuzi alitaka kilo mia nne kila wiki, bila kukosa, maana nafasi ya ndege hulipiwa hata usipoijaza. Na ndege inapima ujazo pia: mita moja ya mchemraba huhesabiwa kama kilo 167, hata kama ndani ya sanduku lako lenye matundu na nafasi ya hewa mna kilo sabini tu za kaa. Kundi letu, wiki ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, lilifika kilo tisini. Wiki ya maji mafu hata nusu ya hiyo hatukufika. Wavuvi wakaanza kutuletea kaa wadogo, na majike yenye mayai, ili kuziba pengo. Binamu yangu akakataa kuwapokea. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu alikuwa anadaiwa.

Ndege ya mizigo ya aina ya 747 inabeba tani mia moja na zaidi. Kwa kilo tisini za wiki, kundi letu lingeijaza mara moja katika miaka ishirini na moja. Natambua kuna makundi mengine, kuna Mayungu, kuna Mida, kuna Lamu, kuna pweza na kamba. Jumlisha wote. Halafu uniambie wiki ya pili ndege ile itapakia nini.

Hesabu hiyo nilimfanyia mama kwa maembe, tukiwa tumekaa chini ya mwembe uliopakana na kigingi. Mama huuza kwa tajiri wa Mombasa anayekuja miti ikiwa na maua, anatupa macho juu, anataja bei ya mti mzima, na mama akiwa na shida ya hela anakubali. Embe likianguka, likioza, likiibiwa, ni la tajiri. Na likizaa kupita kiasi pia ni la tajiri. Hapo ndipo mama anapopoteza. Ameniambia mwenyewe, kuna mwaka mwembe mmoja ulitoa mara tatu ya kile alicholipwa.

Nikamweleza habari ya inzi. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda, yule anayetaga ndani ya embe likiwa bado juu ya mti, na mlango ule haukufunguliwa tena mpaka 2021. Miaka saba. Viwanja vya ndege vilikuwa wazi muda wote huo, Nairobi, Mombasa, Eldoret. Kinachomfukuza inzi ni mitego, kuzika matunda yaliyoanguka, wilaya nzima kufanya hivyo kwa pamoja, na mitambo ya kuyatibu maembe kwa maji ya moto kabla ya safari. Mama akaniuliza, "Na huyo inzi hapa kwetu yuko?" Nikaokota embe lililoanguka, nikalipasua. Mabuu yalikuwa mle ndani.

Na hata embe safi kabisa, nauli ya angani ya kilo moja kwenda Ulaya inaimeza bei ya shambani mara kadhaa. Maembe mengi ya Kenya yanayokwenda nje huenda nchi za Waarabu, na kontena la baridi kwenye meli linatosha. Bandari iko Mombasa. Uwanja mkubwa wa ndege pia uko Mombasa, kilomita kama 120 kutoka Malindi, na njia yake ya kurukia ina kilomita 3.35. Wataliano wenye nyumba hapa kwetu hushuka huko wakaletwa kwa gari. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa yeyote anayeleta ramani ni hili: mzigo wa Malindi unaolala Mombasa kwa kukosa ndege ni upi? Uwe na jina. Uwe na kilo.

Kuna watakaosema simwelewi mwenye mpango, kwamba kituo kikuu hakitegemei mali ya hapa. Paleti zinatoka Guangzhou, zinabadilishwa ndege Malindi, zinakwenda Lagos. Hilo nimelifanya kwa mikono yangu, naweza kulieleza. Paleti ya kupita haifunguliwi. Haitozwi ushuru, kwa sababu si ya nchi hii. Kazi yake ni kuisukuma kutoka mlango huu hadi mlango ule katika saa mbili za usiku, na mashine nzuri zinapunguza hata wale wa kusukuma. Rubani halali mjini, hali wali kwa mama ntilie. Ada ya kutua huchukuliwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambayo ni ya serikali kuu, haingii mfuko wa kaunti. Kinachobaki Ganda ni mngurumo wa saa nane usiku.

Na kituo cha namna hiyo kina miguu. Mwaka 2008 DHL ilitangaza kuacha usafirishaji wa vifurushi vya ndani ya Marekani, na Wilmington, mji mdogo wa Ohio uliokuwa umeshikilia maisha yake kwenye kituo kile, ukapoteza kazi kwa maelfu. Mwaka huo huo kituo chake cha Ulaya kilihama Brussels kwenda Leipzig, baada ya mabishano marefu juu ya ndege za usiku. Hiyo ni miji ya matajiri, yenye barabara na viwanda vingine vya kukimbilia. Huku kwetu nenda Isiolo: uwanja wake ulizinduliwa 2017 na watu waliambiwa habari ya miraa na nyama kwenda Uarabuni. Njia yake ya kurukia ina urefu wa ule wa kwetu, kilomita 1.4, na miraa bado inakimbizwa Nairobi kwa pikapu.

Shemeji yangu ni mvuvi wa Lamu. Alikuja Malindi kwa harusi, akatusikia tukizungumza, akacheka bila furaha. Wao waliambiwa mwezi Machi 2012 kwamba bandari ya gati 32 inajengwa. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Hapo katikati mkondo ulichimbuliwa, maji yakachafuka, mahali walipokuwa wakitega pakafungwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Kushinda walishinda. Lakini tangu siku ya hukumu miaka ilipita wakisubiri hela, na mvuvi hawezi kuisubiri hela akiwa ameketi. Mashua inataka kukarabatiwa, watoto wanataka karo. Shemeji alimwambia mama neno moja ambalo mama analirudia mpaka leo: "Shangazi, hesabu miti yako kabla hawajaikata."

Tukahesabu. Nilinunua daftari la kurasa mia moja, nikaandika kila mti, aina yake, umri wake kadiri mama alivyokumbuka, na alichopata kila msimu. Miembe kumi na minne, minazi ishirini na miwili, mikorosho sita, kisima kimoja, kaburi la babu. Kaburi mama alitaka liandikwe juu kabisa, likaandikwa juu kabisa. Nikapiga picha. Kisha tukaandika barua kuomba ripoti ya mazingira na makadirio ya mizigo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema mali ya mtu haichukuliwi bila fidia ya haki, tena ilipwe bila kuchelewa, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Wale waliopinga mtambo wa makaa ya mawe Lamu walishinda mwaka 2019, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Nilimsomea mama hayo yote polepole. Akataka nimsomee tena.

Baraza liliitishwa wiki tatu baadaye, chini ya mkorosho. Msemaji alitoka mjini, kijana mwenye adabu na picha nzuri kwenye karatasi kubwa. Alianza na twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi zaidi ya miaka mia sita iliyopita, akasema sisi tulikuwa wafanyabiashara wa dunia kabla ya wengine. Watu walipiga makofi, hata mimi. Kisha akaja kwenye ajira. Nilipopewa nafasi niliuliza swali moja: ndege itakayotua hapa, itaondoka na nini?

Akajibu, "Mzee wangu, uwanja ukishakuwepo, mizigo itakuja yenyewe."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa jibu hilo. Sikuwa nimejitayarisha kwa kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yangu. "Kaka, samahani," akasema, "wewe ulishafanya hiyo kazi, ukala, ukajenga. Leo imefika zamu yetu unatufungia mlango. Mimi nina diploma. Naendesha pikipiki ya mtu."

Baraza lilinyamaza. Sikuwa na jibu la haraka, na nilihisi uso wangu unapata moto, kwa sababu alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Ile kazi iliniozesha, ilinisomeshea dada zangu wawili. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia habari ya yule mtu wa Turbo na mabati yake. Nikasema siukatai uwanja. Urefushwe hata kesho kwa ajili ya abiria, wageni washuke hapa, ndege za abiria zikija zitakuwa na nafasi tumboni na kaa wetu watapata pa kulala. Lakini anayetaka shamba la mama yangu kwa jina la mizigo aandike kwanza: kazi za kudumu ni ngapi na za kibarua ni ngapi, nani atafundishwa, lini, na kampuni ikiondoka ardhi itarudi kwa nani. Na kabla ya lami ya kilomita moja ya ndege, ijengwe barabara ya Ngomeni, chumba baridi Mayungu, na apatikane mtu wa kutia sahihi anayekaa ofisini.

Mama mmoja muuza samaki akaita kutoka nyuma, "Barafu! Sema barafu!" Nikasema barafu.

Msemaji aliandika. Alipokuwa anakunja picha zake nilimpa nakala ya barua, akaipokea kwa mikono miwili, akasema ataifikisha. Nakala yetu ina mhuri wa kupokelewa. Mama ameiweka kwenye kasha la bati pamoja na cheti cha kifo cha baba. Jibu halijaja. Kigingi bado kipo.

Msimu huu mama hakuuza miti ikiwa na maua. Tulizika matunda yaliyoanguka, tukatundika mitego kumi ya inzi, na majirani wanne wakatuiga. Tajiri wa Mombasa alikasirika, akaondoka, akarudi baada ya siku tisa, akanunua kwa kilo.

Yule kijana wa bodaboda alinifuata nyumbani jioni moja. Hakuja kwa shari. Alikaa ukumbini, akanywa chai, akauliza kuendesha foklifti mtu anajifunzia wapi. Nikamwambia asingoje uwanja wa Malindi, Mombasa kuna mashedi na mabohari yanayotafuta watu leo. Nimempa namba ya mtu ninayemjua Changamwe, na nauli ya kwenda. Anaondoka Jumatatu.